Gofu kama Matini: Kasri la McMillan na Sauti Zisizosikika

Utangulizi
Kila kasri lilikuwa na bwana, na kila bwana alikuwa na watumishi. Makala hii inashikilia kwamba msomaji wa fasihi anayezuru makao ya kabaila hana budi kuwatafuta wote wawili.

Makao na Makaburi
Mwanzoni mwa karne ya 20, maelfu ya ekari kati ya Ruiru na Thika yalikuwa shamba la Juja, mali ya William Northrup McMillan, tajiri Mmarekani. Hapo ndipo alipomkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909. Mgeni akipita Thika kuelekea mashariki, huiona Ol Donyo Sabuk, yaani Kilimambogo. Chini ya mlima huo ipo nyumba ya mawe iitwayo kasri la McMillan. Mlimani yako makaburi: la McMillan aliyefariki mwaka 1925, la mkewe Lucie, la mtumishi wao Louise Decker na, kama wasimuliavyo waongoza wageni, la mbwa wao.

Mtumishi mmoja amekumbukwa kwa jina. Mbwa naye amestiriwa. Je, waliolima, waliochota maji na waliopika wako wapi? Hata maktaba iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya bwana huyo iliwafungia Waafrika mlango kwa miaka mingi.

Gofu katika Fasihi
Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauonya moyo wake kwa kuutazamisha majumba ya Pate yaliyobaki mahame. Hata hivyo, majonzi yake ni ya wenye majumba. Watumishi wanapita tu kama pambo la anasa. Thika nayo ina The Flame Trees of Thika (1959) cha Elspeth Huxley, lakini jicho linaloona humo ni la mtoto wa walowezi. Tanzu ni mbili, lugha ni mbili, pengo ni lile lile.

Hitimisho
Jiwe humtunza aliyeweza kulilipia. Asiyeweza hutunzwa na ulimi. Wajukuu wa vibarua wa mashamba hayo wangali wakiishi Ruiru, Juja na Thika, mwendo mfupi kutoka madarasa ya Kiswahili. Mwanafunzi anayekwenda Kilimambogo na achukue daftari, na kabla ya kulisoma kaburi, abishe hodi kwa mzee. Mzee akiondoka na simulizi yake, hilo nalo ni gofu, na halina atakayelizuru.