Kila Programu na Ruhusa Zake Tu: Kwa Mafundi wa Seva wa Kabimba na Kalemie

Kijitabu hiki ni chako wewe fundi unayetunza seva ya kituo cha afya, shule, bandari au kampuni, hapa Kabimba au kule Kalemie. Kinahusu akaunti ambayo programu ya wavuti huitumia inapofanya kazi ndani ya mashine, na ruhusa unazoipa akaunti hiyo.

Programu yoyote hufanya kazi kwa jina la akaunti fulani, na kila linaloruhusiwa kwa akaunti hiyo, programu inaliweza. Mdukuzi akiiteka programu, anarithi ruhusa hizohizo. Penye ghala la saruji, mpakizi hukabidhiwa ufunguo wa ghala. Wa sanduku la mishahara hapewi. Seva nayo igawiwe hivyo.

Machi 2019 mdukuzi aliipenya mashine iliyokuwa ikilinda wavuti wa benki ya Capital One, Marekani. Mashine hiyo ilikuwa imepewa ruhusa ya kusoma mafaili ya wateja katika hifadhi ya benki, ingawa kazi yake haikuyahitaji. Zikachukuliwa habari za watu wapatao milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada.

Kwetu hatari huanza na amri fupi: chmod -R 777. Programu imegoma, skrini inasema ruhusa imekataliwa, mkuu wa ofisi anasubiri. Fundi anaandika amri hiyo, programu inaamka, watu wanashukuru. Lakini hesabu maana yake: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1, jumla 7. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kundi lake, ya tatu ya kila mtu. Kwa 777, akaunti yoyote ndani ya mashine inaweza kubadilisha faili lolote la folda hiyo, hata lile lenye nenosiri la hifadhidata. Basi soma logi kwanza. Itakuonyesha faili lililokataliwa. Toa ruhusa hiyo moja uendelee.

Katika Ubuntu na Debian, Apache huhudumia wageni kwa akaunti ya www-data. Msimbo wa programu uwe mali ya akaunti nyingine, kundi liwe www-data, folda zipewe 750 na mafaili 640. Hivyo programu inausoma msimbo wake bila kuweza kuubadilisha. Folda ya kupokea picha na nyaraka ndiyo peke yake iruhusiwe kuandikwa, na humo seva ikatazwe kuendesha msimbo wowote. Katazo hili la mwisho husahaulika sana, nalo ndilo humzuia mtu aliyepakia faili la PHP kwa jina la picha asiliendeshe.

Wizara ya Afya ya Congo hukusanya takwimu zake kwa DHIS2, inayofanya kazi juu ya Tomcat na PostgreSQL. Ukiwa na seva ya namna hiyo, usiiendeshe Tomcat kwa root. Wengine hufanya hivyo ili ipokee wageni kwenye mlango wa 80, kwa kuwa milango iliyo chini ya 1024 kwa kawaida ni ya root. Iache Tomcat kwenye 8080 kwa akaunti yake yenyewe, isiyoweza kuingia kwa nenosiri, na mbele yake weka Nginx, iwapokee wageni kwenye mlango wa 80 na kuwapitisha kwa Tomcat. Faili la dhis.conf lina nenosiri la hifadhidata: lipe 600. Penye majina ya wagonjwa, ulinzi huu ni wajibu wa kisheria pia. Kanuni ya Kidijitali ya Congo (Code du numérique), amri-sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari binafsi za watu.

Ndani ya PostgreSQL, programu isiingie kwa akaunti ya postgres, inayoweza yote. Iwe na akaunti yake, yenye mamlaka juu ya hifadhidata moja tu. Nakala za akiba zichukuliwe kwa akaunti nyingine ya kusoma tu, na zihifadhiwe pale programu isipofika, ili atakayeiteka asizifute.

Kisha jaribu. Andika sudo -u www-data cat /etc/shadow. Jibu sahihi ni kukataliwa. Jaribu vivyo hivyo kuandika ndani ya folda ya msimbo. Rudia majaribio haya kila baada ya kusasisha programu, kwani mafaili yaliyowekwa na root mara nyingi huwa mali ya root. Na fundi mwenzako akihama kazi, funga akaunti yake siku hiyohiyo, ubadilishe kila nenosiri la huduma alilolijua.