SOMO LA AFYA: Mzee anaposahau, je, picha ya ubongo inatosha?

Sehemu za ubongo huwasiliana kama vijiji vilivyounganishwa kwa njia. Ugonjwa wa demensia huharibu njia hizo, na watafiti huzichora kwa mashine ya MRI. Michoro ya wagonjwa wengi pamoja hufundisha mengi, lakini mchoro wa mgonjwa mmoja si wa kutegemewa peke yake. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa kichwa kikitikisika kidogo tu, mchoro hupotoka. Na mgonjwa wa demensia hupata shida kutulia.

Kwa hiyo, usisubiri mashine. Mzee akianza kusahau, mlete kliniki mapema. Huzuni kubwa, maambukizi au upungufu wa vitamini B12 pia huweza kuleta kusahau, na hutibika.

KUMBUKA: Kusahau si uchawi.