Skrubu Ndani ya Mfupa Ulio Hai

Mtazame mzee kibogoyo anapofumba kinywa bila meno yake ya bandia. Kidevu kinapanda, kinakaribia pua, mashavu yanabonyea ndani. Watu husema ni uzee. Sehemu kubwa ya hayo ni mfupa uliopotea, na ukielewa mfupa huo ulikwenda wapi, umekwisha kuelewa nusu ya somo la vipandikizi vya meno, yaani skrubu za titani zinazopachikwa tayani ili zibebe meno ya bandia.

Jino halikuchomekwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati yake na mfupa kuna tabaka la nyuzi lenye unene wa karibu robo ya milimita. Ukitafuna, jino hudidimia kidogo sana, nyuzi zinakaza, mfupa unavutwa. Mfupa nao uko hai: zipo seli zinazoula na seli zinazoujenga, usiku na mchana, na kinachoamua upande upi ushinde ni kazi ambayo mfupa unapewa. Jino likishang'olewa, mvuto unakoma na walaji wanawazidi wajenzi. Mwaka 1972 mtafiti Antje Tallgren alichapisha vipimo vya watu waliovaa seti nzima za meno ya bandia, baadhi yao wakiwa wamefuatiliwa kwa miaka 25. Tuta la taya lilikuwa bado linapungua, na la chini lilipungua takriban mara nne kuliko la juu.

Ndiyo maana kilio cha wenye meno ya bandia huwa ni seti ya chini. Ile ya juu hujinyonya kwenye kaakaa ikashika. Ya chini imekalia tuta linaloyeyuka, na ulimi unaisukuma kwa kila neno. Mtu anaacha nyama, kisha anaacha mahindi ya kuchoma, mwisho anaacha kula mbele za watu. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi.

Dawa ya tatizo hili haikutafutwa kinywani. Katika miaka ya 1950, huko Lund nchini Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura. Alipachika kifaa cha kutazamia chenye ganda la titani. Kazi ilipokwisha akataka kukitoa, kikagoma. Mfupa ulikuwa umeshikamana nacho.

Umewahi kuona mti ulio hai uliofungiwa waya wa seng'enge? Baada ya miaka kadhaa waya umezama ndani ya gome, na ukiuvuta unakata mti. Mfupa na titani hufanana na hayo, ingawa mfupa haumezi skrubu. Unajijenga upya hadi kuigusa. Siri iko kwenye uso wa metali. Titani ikikutana na hewa huota papo hapo utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, mgumu kuyeyuka. Seli za mfupa zinakutana na utando huo, wala si metali tupu, na hazioni sababu ya kuutenga kwa kovu.

Lakini zina masharti. La kwanza ni joto: mfupa ukifikia nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja, huanza kudhurika. Kwa hiyo daktari anapotoboa taya hutumia keekee kali, taratibu, huku akimwagia maji. La pili ni utulivu. Skrubu ikicheza zaidi ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita wakati kidonda kinapona, mwili hujenga kovu laini badala ya mfupa, na kovu halibebi mzigo. Brånemark aliwangojesha wagonjwa wake miezi mitatu hivi kwa taya la chini na sita kwa la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi, ndipo akafunga meno juu ya skrubu. Siku hizi wengi hufungwa meno ya muda siku ileile. Inawezekana pale skrubu zilipokazwa vizuri na kuunganishwa kwa daraja gumu, yaani safu ya meno iliyo kipande kimoja, zikatulizana zenyewe kwa zenyewe.

Mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa mwaka 1965. Alifariki mwaka 2006, baada ya kutumia vipandikizi vyake kwa miaka 40. Habari yake husimuliwa sana, na inastahili, ila mtu mmoja hatufundishi lipi la kutarajia. Kwa hilo tuisome ripoti iliyotoka Göteborg mwaka 1981, ya wagonjwa 371 wasio na jino hata moja kwenye taya lililotibiwa, taya 410, skrubu 2,768. Katika kundi lililofuatiliwa kwa miaka mitano hadi tisa, asilimia 81 ya skrubu za taya la juu zilibaki imara, na asilimia 91 za chini. Madaraja ya meno yaliyokaa juu yake je? Asilimia 89 juu, na chini yote: asilimia 100.

Skrubu zimepungua, daraja limebakije zima? Kwa sababu daraja la seti nzima hubebwa na skrubu kadhaa, na moja ikianguka zilizobaki hugawana mzigo. Hapa nataka msomaji apige hesabu mwenyewe. Ukiambiwa kwamba asilimia 95 ya vipandikizi hudumu miaka 10, nawe umewekewa sita, uwezekano wa vyote sita kubaki si asilimia 95. Zidisha 0.95 mara sita: ni kama asilimia 73, iwapo kila kimoja kina bahati yake. Kwa kweli havina bahati tofauti. Vinakaa kinywa kimoja, vinapata damu moja na moshi mmoja wa sigara, kwa hiyo hasara hupenda kumrundikia mtu yuleyule. Basi kila unapotajiwa asilimia, uliza ni asilimia ya skrubu, ya madaraja, au ya watu ambao hawakupata tatizo lolote.

Hilo la mwisho ndilo gumu, na chanzo chake ni ufizi. Kwenye jino la asili, nyuzi za ufizi huingia ndani ya mzizi kama kamba zilizopigiliwa. Kwenye titani haziwezi kuingia. Zinazunguka tu kama kola ya shati. Ukoga ukijikusanya hapo, bakteria hushuka bila kizuizi kikubwa, ufizi unavimba, kisha mfupa unaanza kuliwa. Mwaka 2016 watafiti wa Uswidi waliripoti kuhusu watu 588 waliochunguzwa miaka tisa hivi baada ya kuwekewa vipandikizi: asilimia 45 walikuwa na uvimbe ulioambatana na upotevu fulani wa mfupa, na asilimia 14.5 walifikia kiwango cha kati au kikali. Wengi wao skrubu zilikuwa bado zimesimama, wala mara nyingi hakuna maumivu ya kukustua. Mvutaji sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, na aliyepoteza meno yake kwa ugonjwa wa fizi wamo hatarini zaidi.

Meno yenyewe yaliyo juu ya daraja huchakaa kabla ya vyote. Jino la asili huhisi punje moja ya mchanga kwenye wali. Kipandikizi hakina zile nyuzi zenye neva, hivyo mtu huuma kwa nguvu kuliko anavyodhani. Plastiki inalika, jino linameguka, skrubu ndogo inayoshika daraja inalegea. Anayewekewa seti nzima akiwa na miaka 55 ajue mapema kwamba huenda akabadilisha meno hayo zaidi ya mara moja, juu ya skrubu zilezile.

Kwa wengi wenye taya la chini tupu, mimi ningeanza na njia nyepesi: vipandikizi viwili tu vya mbele, na seti ya kuvaa na kuvua inayobana juu yake. Wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, mwaka 2002 walisema hiyo ndiyo iwe tiba ya kwanza kwa taya hilo. Bei ni nafuu, na mzee anaivua usiku akapiga mswaki pande zote. Vibanio vyake hulegea, lakini kuvibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Kwa wanaosafiri kutoka kwetu kwenda India au kwingineko kutibiwa, nasisitiza kitu kimoja: rudi na karatasi yenye jina la mtengenezaji, aina na kipimo cha kila kipandikizi. Vichwa vya skrubu hutofautiana, na kila kimoja kina bisibisi yake. Mwaka wa nane daraja likianza kucheza, daktari wa Dar es Salaam au Nairobi ataangalia kwanza picha ya eksirei, kisha ataiomba karatasi hiyo. Asipoipata, meno ni mazima, mfupa ni mzima, na mgonjwa anakula uji kwa ajili ya skrubu ya milimita mbili.