Andalio la Somo: Pamba ya Picha kwa Bei ya Karume

Mada: Kuitengeneza upya pamba uliyoiona kwenye picha kwa kutumia mtumba na fundi cherehani.
Darasa: Mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, hasa wanaokwenda TP mwaka huu.
Muda: Jumamosi mbili.
Zana: Picha moja, futi ya fundi, daftari, na shilingi 40,000.
Lengo mahususi: Mpaka mwisho wa somo, kila msomaji aweze kulitazama vazi la laki mbili na kulivaa kwa chini ya elfu 40, bila kukopa.

Najua mnacheka. Mwanafunzi wa ualimu akishazoea kuandika andalio la somo, hata ugali anaupikia andalio. Lakini jambo hili nimelifanya vibaya, nikalirudia nikalifanya vizuri, na kwetu Kitivo cha Elimu tunaambiwa kwamba anayefundisha vizuri ni yule anayekumbuka alikosea wapi. Tuanze.

Utangulizi

Mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, bumu lilikuwa halijaingia. Kulikuwa na sherehe ya kutukaribisha na kila mtu hosteli alikuwa anajadili atatupia nini. Mimi nilikuja chuo na begi moja. Ndani yake sketi mbili, blauzi tatu na gauni la shangazi. Nikaona gauni dukani mjini, nikakopa elfu 60 kwa watu watatu tofauti, nikalinunua. Usiku ule nilitokelezea kwelikweli, sikatai. Bumu lilipoingia nikalipa madeni, na wiki nne za mwisho za muhula nilizimaliza kwa chai na maandazi mawili, asubuhi na jioni. Gauni lenyewe nimelivaa mara mbili tangu siku ile. Haliingii lekcha, haliingii kanisani, haliingii popote.

Wengi wetu tuna gauni la namna hiyo. Na wengine hawakukopa kwa marafiki, walikopa kwa watu wenye masharti. Ndiyo maana naliita hili somo.

Maarifa mapya

*Hatua ya kwanza: Soma picha kabla ya kwenda sokoni*

Mwaka jana, wiki tatu kabla ya TP, nilikuwa na picha moja kwenye simu. Mwanamke amevaa sketi ya marinda ya rangi ya haradali iliyoshuka chini ya magoti, shati jeupe limechomekewa, bleza ya bluu iliyokolea, mkanda wa kahawia na viatu bapa vya rangi ya mkanda. Nilitaka kuingia darasani hivyo hivyo. Nikapita madukani kuulizia, jumla ikawa karibu laki na themanini na tano. Mfukoni nilikuwa na elfu 40.

Kosa tunalofanya ni kutafuta nguo ileile. Hutaipata. Mtumba hauna kabati la kuagiza, unakuta kilichokuja. Kwa hiyo usitafute nguo, tafuta mambo manne yanayoifanya nguo ile ipendeze, na uyaandike:

Umbo. Wapi nguo imebana na wapi imeachia? Kwenye picha yangu juu kumebana, chini kumeachia, na kiuno kinaonekana. Hilo ndilo lililokuwa linanivutia kuliko kitu kingine.

Rangi. Usiandike jina la rangi moja, andika uhusiano wake na zenzake: moja ya udongo, moja nyeupe, moja ya giza. Haradali ikikosekana, rangi ya matofali au kahawia ya chai itafanya kazi ileile.

Kitambaa. Kinasimama au kinaanguka? Kinang'aa au haking'ai? Na je, Dar hii ya jasho kitavalika? Picha nyingi tunazozipenda zimepigwa kwenye baridi. Bleza ya sufu yenye bitana nzito utaivaa dakika kumi tu, basi.

Kiini. Ni kipande gani ukikiondoa pamba yote inakufa? Kwangu ilikuwa sketi. Kwa hiyo hela na muda nikaelekeza huko kwanza, mengine yakafuata.

Jambo la tano kwa wanaokwenda kufundisha: ulizia taratibu za mavazi za shule unayopangiwa kabla hujanunua chochote. Shule nyingi hazitaki mwalimu wa kike avae suruali. Kama picha yako ina suruali pana, chukua umbo na rangi, weka sketi.

*Hatua ya pili: Sokoni*

Nenda asubuhi. Belo zinafunguliwa mapema, na wanaofika kwanza ndio wanaochagua. Jioni utakuta kilichokataliwa na watu mia. Mimi huenda Karume, Ilala. Wengine wana Manzese, wengine Tandika. Nguo zinazotundikwa kwenye henga zimeshachambuliwa na bei yake imeshapanda. Zilizomwagwa chini ni kuinama na kupekua, lakini huko ndiko kuna sketi za buku tano.

Hakuna chumba cha kujaribia, kwa hiyo vaa nguo nyembamba ya kubana ili ujaribu juu yake. Sketi au suruali usiyoweza kuivaa pale, funga vifungo vyake, chukua kiuno chake ukizungushe shingoni. Ncha mbili zikikutana nyuma ya shingo bila kulazimisha, kwa watu wengi itakaa kiunoni. Halafu hakikisha kwa futi. Usiamini namba ya kwenye lebo, maana 12 ya Uingereza ni kama 40 ya nchi nyingi za Ulaya na 8 ya Marekani, na wenye nguo walishazifua na nyingine zimerudi. Andika vipimo vyako vinne kwenye daftari: bega, kifua, kiuno, urefu.

Kisha kagua. Nyanyua nguo kwenye mwanga wa jua uone matundu. Tazama kwapani, kwenye kola na katikati ya miguu, huko ndiko kunakochakaa kwanza. Panda na kushuka na zipu mara tatu. Finyanga kitambaa kwenye ngumi, hesabu mpaka kumi, fungua: kikibaki kimekunjamana kama karatasi, jiulize kama utapata umeme wa pasi kila asubuhi huko unakokwenda.

Siri ambayo dada zangu wengi hawaijui: mashati ya wanaume. Shati jeupe la pamba la kiume la saizi ndogo mara nyingi lina kitambaa kizito kuliko blauzi, na kwa kuwa wanaume wanatafuta makubwa, yale madogo yanashuka bei. Langu nililipata kwa elfu 3.

Bei ni maongezi. Muuzaji akikuambia, "Sista, hiyo mzigo wa leo, grade one," usibishane naye kwamba ni mbovu, umemtukana. Mwambie, "Kaka yangu, mimi mwanafunzi, nifanyie ya kwangu," na onyesha kifungo kilichokatika. Nilichojifunza ni kununua kwa mtu mmoja. Ukirudi mara ya tatu anaanza kukuwekea.

Na nguo za ndani usinunue mtumba, hata zing'ae vipi. Shirika la Viwango, TBS, limezipiga marufuku, na sababu yake ni afya yako mwenyewe.

*Hatua ya tatu: Kwa fundi*

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Niliona bleza ya bluu nzuri ajabu, lebo ya Kitaliano, elfu 8. Mabega yalikuwa mapana kuliko yangu kwa vidole vitatu. Nikajiambia fundi atapunguza. Fundi wangu, mzee anayekaa na cherehani yake kwenye baraza karibu na hosteli, aliigeuza nje ndani akacheka. "Binti yangu, bega halipunguzwi hivi hivi. Nitoe mkono, nitoe bitana, nikate, nirudishe vyote. Hela yake utanunua koti jingine." Ikabidi niiuze kwa mwenzangu mwenye mabega.

Toka siku hiyo nina kanuni: bega likae lenyewe. Vingine vyote fundi anaviweza kwa bei nafuu. Pindo linapandishwa, mkono unafupishwa, kiuno kinabanwa, ubavu wa shati unaingizwa ndani. Kushusha pindo inawezekana tu kama ndani kumekunjwa kitambaa cha kutosha, kwa hiyo funua uangalie kabla hujalipa. Kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Ukibabaika kati ya saizi mbili, chukua kubwa.

Fua kwanza, ndipo upeleke. Nguo ikirudi baada ya kushonwa ndiyo imetoka hiyo. Na unapokwenda, onyesha picha. Usimwambie fundi "ipendeze". Mwambie "kiuno kiishie hapa, pindo liishie hapa", mpigie chaki.

Kuimarisha maarifa

Hesabu yangu ya Jumamosi mbili hii hapa:

Sketi ya marinda, rangi ya matofali (haradali sikuipata): 5,000
Shati jeupe la kiume: 3,000
Bleza ya pili, ya pamba, bega limekaa: 8,000
Mkanda: 2,000
Viatu bapa vya kahawia: 10,000
Fundi, kiuno cha sketi, mikono ya bleza na ubavu wa shati: 6,000
Vifungo vipya vya bleza: 1,000
Nauli na maji: 2,000

Jumla 37,000. Chenji 3,000, nikala chipsi.

Vile vifungo vya elfu moja msividharau. Vifungo vya zamani vilikuwa vya plastiki ya dhahabu iliyobanduka. Nilipoweka vya kahawia vinavyoendana na mkanda, bleza ikaonekana kama imezaliwa pamoja na viatu. Hakuna aliyeniuliza kama ni mtumba.

Tafakari

Kuna wenzangu wanaosema mtumba ni aibu. Zamani nguo hizi ziliitwa "kafa Ulaya", na si sisi peke yetu tuliozifikiria hivyo: Ghana huziita kwa jina lenye maana ya nguo za mzungu aliyekufa. Zilifurika kwetu baada ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, enzi za Mzee Ruksa, na wazee wetu waliopanga foleni kwa ajili ya kipande cha khanga hawakuona aibu yoyote.

Hoja nzito zaidi ni ya viwanda. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya kodi inayotolewa na mpango wa AGOA, wengine tukarudi nyuma, Rwanda ikashikilia kodi yake kubwa, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Kwa hiyo simlaumu anayesema tunavaa mabaki ya wenzetu. Ni kweli. Ila mwanafunzi mwenye elfu 40 haamui sera ya viwanda. Anachoweza kuamua ni kwamba sehemu ya hela hiyo iende kwa fundi wa barazani, na kwamba siku akipata mshahara atanunua kitenge na kumpelekea fundi huyohuyo.

Tathmini

Shule niliyopangiwa TP ilikuwa ya kata, mkoani Morogoro. Wiki ya pili, baada ya kipindi cha Kiswahili kidato cha tatu, binti mmoja alibaki anajifanya anafuta ubao ambao ulikuwa umeshafutwa.

"Madam, samahani. Hiyo sketi ni shilingi ngapi?"

Nakiri nilitaka kudanganya. Nilikuwa nimeshazoea kuitwa "Madam wa Dar", na raha ile ni tamu. Ningeweza kusema elfu hamsini, au nicheke tu. Nikamwambia ukweli: elfu tano, Karume, na fundi elfu mbili ya kiuno.

Akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Mimi nilidhani mpaka uwe na mtu."

Kila mwanamke anayesoma hapa anajua "mtu" ni nani. Binti wa kidato cha tatu, mwenye sweta lililotoboka kiwiko, alikuwa ameshapiga hesabu ya namna wanawake wanavyopata sketi, na katika hesabu yake palikuwa na njia moja tu. Kama ningemjibu elfu hamsini, ningekuwa nimempigia vema kwenye jibu lisilo sahihi.

Ijumaa ile niliomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, nikabaki na wasichana tisa baada ya masomo. Tulikuwa na sindano nne na uzi wa bluu. Tulishona viwiko vya masweta, tukabana viuno vya sketi za shule walizorithi kwa dada zao, tukashusha mapindo. Haikuwa kwenye ratiba wala msimamizi wangu hakuitolea alama. Jumatatu yule binti aliingia darasani akakaa mstari wa mbele.

Kazi ya nyumbani

Fungua simu, chagua picha moja tu. Andika umbo, rangi, kitambaa na kiini. Pima bega lako. Nenda Jumamosi asubuhi na hela taslimu uliyopanga, nyingine iache chumbani. Na siku mtu akikuuliza umenunua wapi na kwa bei gani, mtajie bei.