Majilio Katika Mji wa Kungoja

Masomo: Isaya 40:1–11, Luka 1:26–38, Yakobo 5:7–11



Jumapili iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba, Kanisa huanza mwaka wake mpya. Halianzi kwa shangwe, bali kwa kungoja. Majuma yale manne twayaita Majilio, yaani kuja kwake Bwana: alivyokuja Bethlehemu, ajavyo kwetu leo katika Neno na Sakramenti, na atakavyokuja siku ya mwisho.

Lakini na tukiri: wengi wetu hatungoji. Desemba ikiingia tu, tunaanza kuimba habari za hori na wachungaji, na Krismasi yenyewe ikifika tumekwisha kuichoka. Tunafanya kama watoto wanaopopoa maembe mabichi: tumbo linauma, na embe likiiva halipo tena mtini. Katika somo hili tutazame jinsi ya kuyashika Majilio kwa nyimbo, kwa sanaa na kwa tafakari. Mji wetu wa Tabora na njia yake ya zamani vitatufundisha.

Mji wa kungoja

Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe kwa miguu. Hapa mizigo ilifunguliwa na kufungwa upya. Hapa watu walingoja wapagazi, walingoja nguo na shanga kutoka pwani, walingoja vita viishe na njia ifunguke.

Aliyengoja kwa namna inayokumbukwa sana ni David Livingstone. Stanley alipomwacha Kwihara mwezi Machi 1872 kurudi pwani, aliahidi kumletea watu kutoka Unguja. Mzee yule alikaa ndani ya tembe miezi mitano, akiandika barua na kuhesabu siku, na shajara yake inaonyesha jinsi kungoja kule kulivyomchosha. Watu wale walifika Agosti, naye akaondoka nao mwezi huo huo. Tembe la kumbukumbu lililojengwa upya lipo Kwihara hata leo.

Miongoni mwa waliofika alikuwamo kijana Jacob Wainwright, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia, Jacob ndiye aliyesoma ibada ya maziko walipouzika moyo wake chini ya mti. Kisha yeye, pamoja na Chuma, Susi na wenzao, waliuchukua mwili kuelekea pwani. Oktoba 1873 walifika hapa Unyanyembe. Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike hapa hapa. Walikataa. Mbele kidogo wakaufunga mwili kama robota la nguo, ili wasizuiwe njiani. Krismasi ya mwaka ule iliwakuta katikati ya safari, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Tazameni jambo hili: baadhi ya watu aliowangoja ili wabebe mizigo yake, ndio waliombeba yeye mwenyewe.

Nyimbo

Wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana kwa kuimba njiani. Mmoja alitangulia, wengine wakaitikia, na mzigo ukawa mwepesi. Wimbo haukuimbwa kwa sababu wamefika, bali kwa sababu bado hawajafika. Hiyo ndiyo kazi ya wimbo wa Majilio.

Tangu zamani Kanisa lina maitikio saba ya jioni kwa siku za mwisho kabla ya Krismasi. Kila siku Bwana huitwa kwa jina mojawapo: Hekima, Bwana, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa mataifa, Imanueli. Kutoka humo ndimo ulimotoka wimbo unaojulikana wa kumwita Imanueli aje. Walimu wa kwaya wanaweza kufundisha majina hayo kwa mtindo wa njiani: mmoja aite, usharika mzima uitikie. Ngoma ipigwe taratibu, kwa mwendo wa mtu aliyejitwika, na vigelegele vingoje usiku wa tarehe 24.

Tunapoimba kwamba Ufunguo wa Daudi hufungua gereza, tusidhani ni maneno ya mbali. Katika njia hii walipita watu wenye minyororo shingoni wakipelekwa pwani kuuzwa. Chuma mwenyewe alikuwa mtoto wa Kiyao aliyefunguliwa katika msafara wa watumwa mwaka 1861. Wako waliomngoja mfunguzi hapa wasimwone.

Sanaa

Mwisho wa njia, ng'ambo ya bahari, soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo, Chuma na wenzake wakiwa bado njiani, jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo liliwekwa mahali pa soko lile. Ndani yake upo msalaba uliochongwa kwa mti wa kule Chitambo. Mti wa maziko umekuwa alama ya uzima. Hivyo ndivyo sanaa ya Kanisa inavyofundisha: huchukua kitu chenye huzuni na kukiweka mbele ya Mungu.

Nasi tufanye kwa kadiri yetu. Vitambaa vya zambarau madhabahuni hutukumbusha toba. Shada la mishumaa lilianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839, kwa mchungaji Wichern aliyewawashia watoto maskini mishumaa juu ya gurudumu la gari ili wahesabu siku. Halihitaji fedha nyingi. Watoto wa shule ya Jumapili wafume duara kwa vijiti na majani ya mwembe, wasimamishe mishumaa minne, na kila Jumapili wauwashe mmoja zaidi. Hori likiandaliwa, libaki tupu mpaka usiku wa Krismasi. Mtoto atauliza, "Mbona hamna mtu?" Swali hilo ni mahubiri tosha.

Tafakari

Mtume Yakobo anatupa mfano wa mkulima angojaye mvua. Sisi twamjua: Desemba amekwisha kulima na kupanda. Hangoji akiwa amelala. Mariamu naye alingoja akiwa amebeba mimba, akasafiri milimani kumtumikia Elisabeti.

Basi kungoja kwa Kikristo ni kungoja huku umebeba. Nabii Isaya asema Bwana ajaye huwachukua wana-kondoo kifuani pake. Twamngoja kama tungojavyo mtumishi wa kutusaidia mizigo, kumbe anakuja kutubeba sisi wenyewe. Na aliyebebwa hawezi kumpita mwenzake aliyeanguka njiani.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani katika mtaa wetu anayengoja, iwe mgonjwa, mjane au mfungwa, na hatujamtembelea?
2. Cameron aliwashauri wenye mzigo wautue Tabora. Ni mzigo gani wa upendo tunaotamani kuutua kabla ya kufika?
3. Nyumbani mwetu tutafanya nini kila jioni ya Majilio, hata kama ni kuwasha mshumaa mmoja na kusoma mistari michache?

Tuombe

Ee Bwana uliyekuja, unayekuja na utakayekuja, utufundishe kungoja bila kulala na kubeba bila kunung'unika. Uwakumbuke waliopita njia hii wakiwa wamefungwa, na waliopita wakiwa wamebeba. Siku yako ifikapo, utukute njiani, tukiimba. Amina.