Pakiti Moja ya ORS, Lita Moja ya Maji



Wazazi wapendwa, ukitia chumvi kwenye vitunguu vya kachumbari, baada ya muda utaona maji bakulini. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya vitunguu. Mwili wetu nao umeundwa kwa chembe hai, na utando wa kila chembe hupitisha maji kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi.

Mwaka 1992 Peter Agre wa Marekani na wenzake waliyawezesha mayai ya chura kutengeneza vijia vya protini vya maji katika utando wake. Yalipowekwa kwenye maji yenye chumvi kidogo, yalivimba upesi yakapasuka. Yasiyo na vijia hayakupasuka.

Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi. Utumboni, chumvi na sukari huingia mwilini pamoja, na maji huzifuata. Lakini pakiti ya ORS ikikorogwa katika chupa moja ya soda huwa kali mno: huvuta maji ya mwili kuja utumboni, na kuhara huzidi.

Basi fanyeni hivi:

1. Pima lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yaani chupa mbili za nusu lita.
2. Tia pakiti yote ya lita moja. Usiongeze chumvi wala sukari.
3. Mnyweshe kidogo kidogo kila anapoharisha. Aendelee kunyonya.
4. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Akilegea, macho yakididimia au akishindwa kunywa, mwahisheni hospitali.