Korosho na Mikono Iibanguayo

Wasomaji wetu wa Masasi na Newala hawana haja ya kuambiwa korosho ni nini, maana sare na madaftari ya watoto wao hutoka katika mti huo, ambao Wareno waliuleta pwani zetu kutoka Brazili. Lakini leo twapenda kuuliza: korosho ikisha kuondoka kwetu na ganda lake, ni nani apataye ujira wa kuibangua?

Sehemu kubwa huuzwa ghafi mnadani, ikapakiwa melini, ikaenda India na Vietnam. Huko Kollam, katika jimbo la Kerala, wanawake wengi wameishika kazi hiyo kwa miaka mingi. Wala si kazi ya mjinga. Ganda lina mafuta makali yachomayo ngozi, na kiini kitokacho kizima hupata bei kubwa kuliko kilichovunjika. Basi pigo moja la mkono uliofunzwa ni fedha.

Hata hapa palijaribiwa. Tangu miaka ya 1970 Serikali ilijenga viwanda kwa msaada wa mikopo ya Benki ya Dunia, na mitambo ikatoka Italia na Japani. Masasi na Newala zikapata vyao. Lakini mavuno, yaliyokuwa tani kama 145,000 msimu wa 1973/74, yalishuka chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87: watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na ubwiriunga ulikausha maua. Viwanda vingi vikafungwa, na ujuzi wa walioviendesha ukalala pamoja na mashine.

Ubwiriunga wenyewe ulishindwa kwa mafundisho. Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, walionyesha faida ya salfa, wakulima wakajifunza kuipuliza kwa wakati wake, na msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000. Twaona, basi, kwamba shambani tulifundishwa tukafuzu. Penye kubangua tumebaki nyuma.

Vietnam iliingia katika kazi hii baada ya India, lakini mafundi wake walijifunza kuunda mashine zao wenyewe. Kijana wetu wa Newala aweza kutengeneza pikipiki chini ya mwembe. Kisu cha mashine ya kubangulia si kigumu kuliko injini hiyo, nasi twadhani vyuo vyetu vya ufundi vingeweza kuanza na kisu hicho.